Timothy Dalton si Rasimu ya Daniel Craig

Kuna tukio la sekunde chache katika Licence to Kill, filamu ya James Bond ya mwaka 1989, ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Ni Key West, Florida, na harusi inaelekea ukingoni. Felix Leiter, Mmarekani ambaye ni swahiba wa Bond wa miaka mingi, ameoa. Bibi harusi, Della, anamtania Bond na ule utepe unaovaliwa pajani siku ya harusi: mila inasema atakayeupata ndiye atakayefuata kuoa. Bond anatabasamu, kisha tabasamu linazimika. Anakataa kwa upole, anaaga, anakwenda zake. Della anamgeukia mumewe: kwani nimesema vibaya? Felix anamjibu kwamba Bond aliwahi kuoa, zamani.

Basi, hakuna zaidi. Filamu haisimami kutusimulia. Anayejua anajua: mke wa Bond, Tracy, alipigwa risasi siku ileile ya harusi yao, mwishoni mwa On Her Majesty's Secret Service ya mwaka 1969, wakati Bond akiwa George Lazenby. Asiyejua naye anaelewa, kwa sababu uso wa Timothy Dalton, Bond wa filamu hii, umeshamwambia. Roger Moore alipotakiwa kugusa kidonda hichohicho mwaka 1981, katika For Your Eyes Only, alipewa makaburi, maua, na jina la marehemu lililochongwa kwenye jiwe. Dalton alipewa utepe. Ukiniuliza ni yupi kati yao aliyenifanya niamini kwamba namtazama mgane, nitakujibu bila kusita.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dalton alicheza Bond mara mbili tu, katika The Living Daylights ya mwaka 1987 na hiyo iliyofuata miaka miwili baadaye. Kila watu wanapowapanga akina Bond kwa ubora, yeye hutupwa chini, jirani na Lazenby, na shutuma ni zilezile: mkavu, amenuna, hajui utani. Miaka ya karibuni wamejitokeza watetezi, na nafurahi kuwa nao, lakini utetezi wao una kasoro. Wanasema Dalton aliwahi mno. Wanasema alichokifanya yeye mwaka 1987 ndicho alichokuja kushangiliwa Daniel Craig kuanzia Casino Royale mwaka 2006, kwa hiyo tumsamehe, alizaliwa kabla ya wakati wake.

Naupinga utetezi huo karibu sawa na ninavyozipinga shutuma zenyewe. Unamfanya Dalton awe rasimu, karatasi ya majaribio iliyongoja mtu mwingine aje ainakili kwa mwandiko mzuri. Dalton hakuwa rasimu ya mtu. Alituonyesha jasusi ambaye kazi yenyewe ndiyo inayomla, siku hadi siku, bila msiba maalumu wa kumpa sababu. Hakuna aliyelifanya jambo hilo kabla yake, na Craig, pamoja na ubora wake wote, hakulifanya pia.

Tuanze na namna alivyoingia, kwa sababu humo ndimo ilimozaliwa nusu ya dhana potofu. Dalton ni mzaliwa wa Colwyn Bay, Wales, mwaka 1946. Alisomea uigizaji katika chuo cha RADA cha London na akakomaa jukwaani, kwenye tamthilia za Shakespeare. Filamu yake ya kwanza ilikuwa The Lion in Winter ya mwaka 1968, alipomcheza mfalme kijana wa Ufaransa mbele ya Peter O'Toole na Katharine Hepburn, na hakumezwa. Wakati huohuo, Sean Connery alipokuwa akiacha kumcheza Bond, watayarishaji walimgusia Dalton habari ya nafasi hiyo. Akasema yeye bado mdogo mno. Kijana wa miaka ishirini na kitu anatajiwa nafasi kama hiyo, naye anakataa kwa sababu anaona haitaenea mwilini mwake! Mimi hapo nimeshaanza kumheshimu.

Nafasi ikamrudia mwaka 1986. Roger Moore alikuwa amemaliza filamu zake 7, ya mwisho ikiwa A View to a Kill ya mwaka 1985, akiwa na miaka 57, na uchovu ulikuwa haufichiki tena. Chaguo la watayarishaji lilikuwa Pierce Brosnan. Lakini kituo cha televisheni cha NBC, kilichokuwa kimeisimamisha tamthilia yake ya Remington Steele, kiliposikia habari hizo kikaamua kuifufua, na mkataba ukamfunga. Albert Broccoli, mtayarishaji wa filamu hizo, hakutaka Bond anayeonekana bure kwenye televisheni kila wiki. Ndipo Dalton akaitwa, na tangu siku hiyo wapo waliomhesabu kuwa mshika nafasi tu, mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenyewe hadi mwenyewe arudi.

Tazama sasa jambo ambalo kwangu ni ushahidi mzito kuliko wote. Mwongozaji wa filamu zote mbili za Dalton ni John Glen, na ndiye aliyeziongoza tatu za mwisho za Moore. Waandishi ni Richard Maibaum na Michael G. Wilson, walewale waliowaandikia Moore hizo tatu. Mtayarishaji ni Broccoli yuleyule. Skripti ya The Living Daylights ilianza kuandikwa kabla haijajulikana nani angekuwa Bond. Hakukuwa na mapinduzi ya watu nyuma ya kamera wala mwongozaji mpya mwenye maono mapya, wala hadithi haikujengwa upya kuanzia msingi kama ilivyokuwa kwa Craig. Kilichobadilika ni mtu mmoja mbele ya kamera. Na mtu huyo alikuwa ameviendea vitabu vya Ian Fleming, mwandishi aliyembuni Bond, akavisoma kwa makini, akamkuta humo Bond ambaye sinema ilikuwa imemsahau.

Bond wa Fleming si mtu wa raha. Kitabu cha Goldfinger cha mwaka 1959 kinaanza naye akiwa ameketi kwenye uwanja wa ndege wa Miami, glasi mbili nzito za pombe tumboni, akiwaza habari za uhai na kifo kwa sababu siku si nyingi ameua mtu. Anavuta sigara kupita kiasi, anakunywa kupita kiasi. Mambo hayo wasomaji huyaita anasa, lakini ukisoma vizuri unaona ni dawa za kutuliza. Sinema zilizichukua zile dawa zikauacha ugonjwa. Dalton aliurudisha ugonjwa.

Twende Bratislava. Ndipo nitakapokaa kwa muda, maana hapo ndipo anapojitambulisha hasa.

Kuna mpango wa kumtorosha Koskov, jenerali wa Kisovieti. Ukumbi wa muziki uko ng'ambo ya barabara. Bond yuko kwenye chumba chenye giza pamoja na Saunders, ofisa wa Uingereza anayeshika kanuni kama msahafu. Bond anaipandisha kola ya koti lake jeusi na kuifunga, weupe wa shati ukapotea gizani. Hakuna mbwembwe. Ni mtu anayevaa nguo za kazi. Anaulaza mwili, anaweka jicho kwenye darubini ya bunduki, anasubiri. Kazi yake ni kumdungua yeyote atakayejaribu kumdungua Koskov. Anatokea mdunguaji kwenye dirisha la upande wa pili, na ni mwanamke. Ni yule mpiga selo aliyemwona jukwaani muda mfupi uliopita.

Saunders anamhimiza apige. Na hapo, kwa sekunde mbili tatu, unamwona Dalton akifikiri. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Waigizaji wengi wakishika bunduki hukaza taya, wakadhani wamemaliza. Huyu unaona shaka ikimpita usoni, halafu uamuzi, na mtutu unasogea kidogo tu kabla risasi haijatoka. Anaipiga bunduki ya mwanamke, anamwacha mwenyewe.

Baadaye garini Saunders anafoka: umekosea makusudi, nitamwambia M, mkuu wao wa kazi. Bond anamjibu bila kumtazama vizuri. Anasema yeye huua wataalamu, na yule binti hakujua hata bunduki inashikwa wapi. Amwambie M anachotaka. Akimfukuza kazi, atamshukuru.

Maneno hayo yana asili yake kwenye hadithi fupi ya Fleming ya mwaka 1962 iliyoipa filamu jina, ambamo Bond mjini Berlin anafanya uamuzi huohuo juu ya mwanamke mwenye selo. Yangekuwa mdomoni mwa Moore, tungecheka, kwa sababu tungejua anatania. Connery angeyasema kwa dharau, na tungeamini kwamba anamdharau Saunders. Dalton anayasema kama mtu aliyeshaiandika barua ya kuacha kazi mara nyingi kichwani mwake. Chini ya hasira unasikia kitu kinachokaribia matumaini: labda safari hii watanifukuza kweli. Filamu 14 zilikuwa zimeshapita katika mfululizo huo tangu mwaka 1962, na Bond mmoja tu, Lazenby, ndiye aliyekuwa ametaka kuacha kazi. Naye alitaka kuacha kwa hasira, kisha kwa mapenzi. Huyu wa Dalton anatamani kuacha kwa sababu anaijua kazi.

Tukio la pili ni la Vienna, kwenye bustani ya starehe ya Prater. Saunders yuleyule mshika kanuni ameanza kubadilika. Amemfanyia Bond kazi nzuri ya kuchimba habari za lile selo, na wanakutana mgahawani. Bond anamshukuru, na shukrani yenyewe ni ya kweli, ya mtu anayejua kwamba alimhukumu mwenzake haraka. Saunders anainuka kwenda zake. Mlango wa kioo unaojifungua na kujifunga wenyewe, uliotegwa na muuaji, unamsaga pale alipo. Kisha linakuja puto linabingirika taratibu sakafuni, limeandikwa maneno ya Kirusi ya kuwatakia majasusi kifo.

Bond analiokota. Analitazama. Analipasua kwa mkono.

Mkono huo ndio uigizaji wenyewe. Anatoka mbio, anaona maputo yakipita nyuma ya uzio, anachomoa bastola na kumwelekezea mtu, kumbe ni mtoto na mama yake. Bastola inashuka. Anarudi kwa Kara, yule mpiga selo, ambaye hajui lolote na anauliza kwa furaha kama kuna habari. Anamjibu kwamba ndiyo, ujumbe ameupata. Sauti imekuwa ya mtu mwingine. Kwa dakika chache alikuwa amejisahau, alikuwa kijana aliyepanda gurudumu kubwa na msichana. Sasa amekumbuka yeye ni nani, na tunamwona akikumbuka. Mtu akiniambia kwamba Dalton hana uso, namrudisha kwenye dakika hizo.

Na Kara mwenyewe ni jambo ambalo watetezi wa hoja ya rasimu hulisahau kabisa. Maryam d'Abo alimcheza kama binti mwenye imani, anayempenda mtu asiyefaa, na Bond anamtumia. Anamdanganya kwamba ni rafiki wa Koskov ili ampeleke kwa Koskov. Mfululizo huo ulikuwa umejaa wanawake waliodanganywa, lakini ilikuwa nadra sana Bond kuonyesha haya. Dalton anaonyesha. Kila Kara anapomtazama kwa shukrani, yeye anachelewa kidogo kuyarudisha macho. Anampenda, ndiyo, na upendo huo unaanza kama deni. Ni mapenzi ya mtu mzima, ya kuona aibu, na yalikuwa mageni kabisa kwenye filamu hizi. Dalton alikuwa ameshamcheza Rochester kwenye Jane Eyre ya BBC mwaka 1983, mwanamume mwingine anayempenda mwanamke huku akimficha jambo. Somo la pale alikuja nalo.

Haya, tukubali lililo kweli. Vichekesho vya kuandikwa humshinda. Ile mizaha ya neno moja baada ya adui kufa, ambayo Moore aliitema kama maganda, kwa Dalton inatoka kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine. Katika The Living Daylights mizaha hiyo ni mabaki ya zama za Moore, imebaki kwenye skripti kama samani za mpangaji aliyehama, na yeye anajikwaa nayo. Roger Ebert, mhakiki maarufu wa Marekani, aliipa filamu hiyo nyota mbili akilalamikia hasa ukosefu wa ucheshi. Lakini Ebert huyohuyo aliipa Licence to Kill nyota tatu na nusu. Mwigizaji ni yuleyule, na hakuwa amegeuka mcheshi. Filamu ndiyo iliyokuwa imemfuata.

Hata hivyo si kweli kwamba hana ucheshi wowote. Mwanzoni mwa The Living Daylights anatua kwa mwavuli wa angani kwenye boti ya kifahari, moshi bado unamfuka, mbele ya mwanamke anayelalamika simuni kwamba maisha yamemchosha. Anaichukua simu, anaitaarifu kambi kwamba ataripoti baada ya saa moja. Mwanamke anamkaribisha kinywaji. Anafikiri, kisha anarekebisha: zifanywe saa mbili. Inachekesha, kwa sababu kichekesho kimetoka kwenye hali aliyomo. Mpe Dalton hali, atacheka nayo. Ukimpa sentensi ya kuchekesha ataibeba kama mzigo.

Licence to Kill ndiyo filamu yake hasa, na ndiyo iliyomponza. Mfanyabiashara wa dawa za kulevya, Franz Sanchez, anatoroka mikononi mwa polisi kwa hongo ya dola milioni 2, anamuua Della na kumtupa Felix kwa papa. Bond anaamua kulipiza. M anakutana naye nyumbani kwa Hemingway, Key West, na kumnyang'anya kibali cha kuua. Bond anakimbia. Kuanzia hapo hana serikali.

Kachero wa Marekani wa dawa za kulevya aliyepokea ile hongo, Killifer, anaishia akining'inia kwenye kamba juu ya bwawa la papa, na anajaribu kununua roho yake kwa nusu ya fedha. Bond anamrushia sanduku zima. Fedha ni zako, umezifanyia kazi, kaa nazo. Sanduku linampiga kifuani, anaanguka nalo. Nilipoiona mara ya kwanza nilishtuka, sikushangilia, na naamini ndivyo Dalton alivyotaka. Hakuna raha usoni mwake, wala hasira yenyewe haiwaki tena. Kuna baridi. Uingereza iliipa filamu hiyo daraja la kuzuia watazamaji wa chini ya miaka 15, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa Bond, na watoto waliokuwa sehemu ya jeshi la wapenzi wake wakabaki mlangoni.

Lakini ukatili si hoja ya filamu hii, na hapo ndipo wengi wanapoisoma vibaya. Bond anapojaribu kumdungua Sanchez, anaharibu operesheni ya makachero wa Hong Kong waliokuwa wamejipenyeza kwa muda mrefu. Wanakufa kwa sababu yake. Anavuruga pia mpango ambao Pam Bouvier, rubani anayemsaidia, alikuwa akiushughulikia wa kuzirudisha silaha za hatari. Kisasi chake kimeua wasiohusika. Mtazame Dalton anapoelezwa hayo: hajitetei. Filamu nyingi za kisasi humwachia steringi haki yake hadi mwisho. Hii inamwonyesha kwamba amekosea, na mwigizaji anakubali kukosea, jambo ambalo nyota wengi wa sinema hawapendi kufanya.

Baada ya hapo anaacha bunduki na kutumia hila. Sanchez, ambaye Robert Davi anamcheza kwa utulivu wa kutisha, anaamini jambo moja tu, uaminifu. Bond anamsogelea, anakuwa rafiki, anaanza kumnong'oneza kwamba watu wake wanamsaliti. Sanchez anawaua mmoja baada ya mwingine kwa mkono wake mwenyewe. Inapendeza kuwatazama wawili hao wakiwa chumba kimoja. Sanchez anampenda Bond kwa dhati, na Bond anautumia upendo huo kama alivyoutumia wa Kara, ila sasa bila haya hata chembe. Ukiziweka filamu mbili pamoja unaona mteremko. Waandishi hawakuwapa wanawake wa filamu hii ya pili maneno yenye uzito, hilo nalikubali, na mashindano ya Pam na Lupe, mpenzi wa Sanchez, juu ya Bond yanachosha. Tuyapite.

Mwisho wake ni barabara ya milimani, malori ya mafuta yameungua. Sanchez amelowa petroli, ameshika panga, amesimama juu ya Bond anayevuja damu. Bond anamuuliza kama hataki kujua sababu. Anatoa kiberiti cha gesi walichompa Felix na Della siku ya harusi, kama zawadi ya kusimamia ndoa yao, majina yao yamechongwa. Sanchez anakitazama. Kinawaka.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na macho yangu siku hizi hayaendi kwenye moto. Yanakwenda kwa Dalton baada ya moto. Nguo zimechanika, uso umejaa damu na vumbi, na hakuna dalili ya ushindi. Amemaliza kazi na hajapata kitu.

Sasa, kwa nini aliishia mbili? Wengi husema watazamaji walimkataa. Hesabu zinasema vingine. A View to a Kill ya Moore ilikuwa imeingiza takriban dola milioni 152 duniani. The Living Daylights ikaingiza kama milioni 191. Watu walimpokea. Licence to Kill, ambayo huitwa filamu iliyoanguka, ilipata kama milioni 156, bado juu kidogo ya ile ya mwisho ya Moore. Iliposhindwa ni Marekani, ambako haikufika milioni 35, na kiangazi hicho ilitupwa katikati ya Batman, Indiana Jones and the Last Crusade na Lethal Weapon 2. Kumlaumu mwigizaji kwa hilo ni kumlaumu nahodha kwa msimu wa kusi.

Kisha zikaja kesi. Kampuni ya MGM/UA, iliyokuwa ikizisambaza filamu za Bond, iliingia kwenye biashara ya kuuzwa na kununuliwa, na kampuni ya Danjaq yenye haki za Bond ikaenda mahakamani kupinga namna filamu hizo zilivyokuwa ziuzwe kwa televisheni. Filamu ya tatu ya Dalton ilikuwa imeshaanza kupangwa. Ikafia mezani. Kati ya Licence to Kill na GoldenEye ya mwaka 1995 kulipita miaka 6, na mkataba wake ulikwisha katikati ya ukimya huo. Mambo yalipotengemaa Broccoli alimtaka arudi. Dalton alikuwa tayari kwa filamu moja zaidi, lakini Broccoli alimweleza kwamba baada ya pengo refu kiasi hicho asingeweza kuja kwa moja tu, ingebidi ajifunge kwa nne au tano. Aprili 1994 akatangaza kwamba anaondoka. Juni akatajwa Brosnan.

Narudi kwa Craig, kwa sababu nilianza naye. Nampenda Craig. Casino Royale ni filamu kubwa. Lakini Bond wake ana maelezo. Vesper, mwanamke aliyempenda, alimsaliti akafa, ndiyo maana ni mkali. Wazazi wake walikufa akiwa mtoto, tunapelekwa hadi nyumbani kwao Scotland tukaione nyumba yenyewe. Baadaye tunaambiwa hata adui yake mkuu ni mtoto wa mtu aliyemlea. Kila kidonda kina cheti chake, na filamu 5 zinafanya kazi ya kukisoma hadi mstari wa mwisho. Ni njia halali, na iliwagusa wengi. Ila ina faraja ndani yake: inatuambia kwamba mtu huyu ameumia kwa sababu alipatwa na mambo makubwa, na yasingempata, huenda angeua watu kwa serikali yake bila kupoteza usingizi.

Bond wa Dalton haitupi faraja hiyo. Hatuambiwi habari za utoto wake. Mke aliyekufa anapita kwenye sentensi moja ya Felix. Yule mtu wa Bratislava aliyetamani kufukuzwa kazi hakuwa na msiba mpya, alikuwa na jumatatu nyingine. Hilo ndilo lililowasumbua watu mwaka 1987, na wakaliita ukavu. Walikuwa wamezoea kuuona ujasusi kama likizo yenye milipuko, na mtu huyu alikuja na uso wa zamu ya usiku.

Filamu zote mbili kwa jumla ni dakika 264. Anayetaka kunipinga ninamwomba asianze na mabishano, aanze na lile dirisha la Bratislava. Azime sauti ya Saunders, aache macho tu. Atazame kati ya pale Bond anapomtambua mpiga selo na pale mtutu unaposogea.